Uliza Fundi: Taa yake ilikuwa inawaka

SWALI

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni msomaji wako wa Tabata, nina miaka 29. Kila Jumapili alfajiri huwa tunatoka watu saba kwa baiskeli. Tunakutana Mwenge saa kumi na moja, tunakwenda mpaka Bagamoyo na kurudi. Wiki saba zilizopita, tukiwa tumeshaipita Bunju, gari dogo lilitugonga kwa nyuma. Mwenzetu mmoja alifariki palepale. Dereva alishuka hawezi hata kusimama, pombe inanuka mpaka pale tulipokuwa. Trafiki walikuja, wakampima, wakaondoka naye. Sasa yuko nje kwa dhamana.

Kinachonitesa ni hiki. Kwa kawaida anayekaa mwisho ni mimi. Siku ile taa yangu ya nyuma iliisha chaji, nikamwomba mwenzangu akae nyuma yangu kwa kuwa yake ilikuwa inawaka vizuri. Nikilala naisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "kaa nyuma". Tangu siku hiyo baiskeli yangu imeegemea ukutani.

Ndugu wa dereva walikuja siku ya tatu ya msiba na shilingi milioni mbili za ubani. Wiki iliyopita, baada ya arobaini, wamerudi na karatasi. Wanataka mjane asaini kwamba familia imesamehe na mambo yaishe. Mjane ananiuliza mimi kwa kuwa nilikuwepo. Nimwambie nini? Na wenzangu wanataka tuanze tena safari za Jumapili. Niende?

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Nifikishie pole kwa mjane na watoto, na kwa hao wenzako watano.

Barua yako nimeisoma mara tatu hapa kwenye benchi la karakana, na kila mara nimekwama palepale, kwenye taa. Wewe unaona taa yako iliyozima ndiyo iliyomuua. Mimi naona taa yake iliyokuwa inawaka. Taa nzuri nyekundu ya nyuma, gizani, mtu mwenye macho mazima anaiona toka mbali, mita mia mbili na zaidi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula kama mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo dereva yule alikuwa na sekunde tisa za kuiona taa ya rafiki yako. Hesabu moja mpaka tisa kwa sauti, polepole, uone zilivyo nyingi. Dereva mzima angeshaondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kufika tatu. Pombe inalegeza macho yasifuate kinachosogea, inachelewesha mguu kwenda kwenye breki, tena inampa mtu moyo wa kudhani yuko sawa. Taa ilifanya kazi yake. Aliyetakiwa kuiona ndiye aliyekuwa hajiwezi.

Na kumwambia akae nyuma, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vijana wote wanaopita hapa kwangu nawafundisha hivyohivyo: mwenye taa kali ndiye wa mwisho. Ulifanya lililo sahihi, yeye akakubali kwa kuwa alijua ni sahihi. Sikwambii usilie. Lia, mwanangu. Ila usijivike kosa la mtu aliyekaa kwenye kaunta usiku kucha kisha akachukua funguo.

Sasa kuhusu karatasi. Hapa nitakwenda taratibu, kwa sababu mimi karatasi ya namna hiyo niliwahi kuisaini.

Mwaka 1994 nilikuwa mchuuzi wa samaki. Tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu wa Mwananyamala, tukichukua samaki Feri alfajiri na kuwarudisha mtaani kwa baiskeli, tenga moja kila mtu kwenye keria. Tulikuwa na Phoenix nyeusi, zile nzito za fremu ndefu. Tukiwa hatujafika mbali toka daraja la Selander, pikapu ikamchukua. Mimi nilikuwa mbele yake kama hatua ishirini. Nilisikia kwanza kishindo, halafu samaki wakiteleza kwenye lami, halafu kimya. Dereva alikuwa anatoka kwenye sherehe. Alinishika mkono kuniomba msamaha na pumzi yake ilikuwa pombe tupu.

Ndugu zake walikuja na gunia la mchele na shilingi laki moja na nusu. Wazee wakakaa mkekani, wakasema ni kazi ya Mungu, ni ajali, nani atamrudisha marehemu. Karatasi ikaandikwa. Ikatakiwa saini ya mtu aliyekuwepo barabarani, nikasaini mimi. Ndani yake iliandikwa kwamba marehemu aliingia barabarani ghafla. Nilikuwa nimesoma, nilijua ilichosema, na nilisaini kwa kuwa wakubwa walikuwa wananitazama. Polisi walipokosa shahidi wa kusema vingine, jambo likafa. Mwezi haujaisha nikaiona pikapu ileile inapita Kinondoni, taa moja ya mbele bado imevunjika, dereva ni yuleyule.

Rimu ya nyuma ya Phoenix ile ninayo. Shemeji alinipa baiskeli niitengeneze niiuze, apate chochote. Fremu niliinyoosha, usukani nikabadilisha, lakini ile rimu ilikuwa imekunjika kama chapati iliyokunjwa nusu, spoku kumi na moja zimechomoka. Nimeitundika juu ya mlango wa karakana. Wateja wakiuliza huwa nawaambia si ya kuuza.

Kwa hiyo mwambie mjane hivi. Ubani ni ubani. Mtu akikuletea mkono wa pole msibani, kuupokea hakukufungi mdomo, na mjane hana haja ya kuurudisha kama haoni sababu. Karatasi ni jambo jingine kabisa, asiisaini. Kesi ya kusababisha kifo barabarani ni ya Jamhuri, si ya familia, kwa hiyo hao ndugu wanaosema "tuyamalize" wanaomba kitu ambacho mjane hana mamlaka ya kukitoa. Wanachokitafuta ni ukimya wake na wako. Akitaka kusamehe moyoni ni haki yake na kwa Mungu wake. Anaweza kumsamehe mtu na kesi ikaendelea.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kiwango: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Mimi naona ni kikubwa mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi 50, na kwa madereva vijana 20. Lakini hata hicho cha 80 ni kiwango, na umesema trafiki walimpima. Basi wewe na mjane nendeni kituoni kwa adabu, mumuulize mpelelezi kama majibu ya kipimo yameingia kwenye jalada, pamoja na ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Andikeni jina la mliyemkuta na tarehe. Familia inayofuatilia jalada lake inasaidia jalada lisilale.

Kuna na bima. Gari lolote barabarani linatakiwa liwe walau na bima ndogo, na bima ile iliwekwa kwa ajili ya mtu kama rafiki yako, mtu wa nje aliyegongwa. Kwa namba ya gari tu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inaweza kuonyesha limekatiwa bima na kampuni gani. Mjane akachukue cheti cha kifo RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kisha afungue mirathi mahakamani ili awepo msimamizi, kwa maana msimamizi ndiye wa kudai kwa niaba ya watoto. Baada ya hapo kampuni iandikiwe barua mapema, nakala abaki nayo. Wakimwambia "dereva alikuwa amelewa kwa hiyo bima hailipi", asiondoke na jibu la mdomo. Adai waliandike, ampelekee mwanasheria. Kama hana fedha ya wakili, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, wako hapahapa Dar es Salaam na wanasaidia wajane bure. Milioni mbili ni nyingi siku ya tatu ya msiba. Gawanya kwa miaka ya kusomesha watoto uone zinafika wapi.

Na wewe, chukua daftari leo usiku. Andika uliyoyaona kwa mkono wako: saa ngapi mlipita Bunju, mlikuwa mmepangana vipi, taa ya nani ilikuwa inawaka, dereva alishukia upande gani, alisema nini. Usiandike ulichosimuliwa, andika ulichokiona. Kesi zinachukua muda, na kichwa cha mwanadamu kinasahau au kinaongeza. Siku ukiitwa mahakamani vaa shati safi uende, hata kama ni mara ya tano kesi inaahirishwa. Mimi nafasi hiyo niliiuza kwa kuogopa macho ya wazee.

Sasa safari ya Jumapili. Niende, umeuliza. Utakwenda, lakini kwanza badilisheni saa, na hili nawaambia wote wanaonisoma. Jumapili saa kumi na moja alfajiri barabara ni tupu, hewa ni baridi, ndiyo maana tunaipenda. Lakini ndiyo saa ambayo mlevi wa Jumamosi anarudi nyumbani. Chupa moja ya bia ya nusu lita, mwili unahitaji kama saa mbili kuimaliza, na hakuna kahawa, supu wala maji ya baridi yanayoharakisha. Mtu aliyeanza saa tatu usiku, akapiga chupa kumi, alfajiri hiyo mwili wake umemaliza nne. Sita bado ziko kwenye damu, na ameshika usukani. Ukishaivuka Tegeta barabara inabana, njia mbili tu, hakuna pa kukimbilia. Tokeni Jumatano alfajiri wanaoweza, au Jumapili jua likishatoka na waumini wako njiani. Kila mmoja awe na taa mbili nyuma, ya pili ikiwa na betri zake, na isiyowaka pale Mwenge imrudishe mwenyewe nyumbani.

Usianze na Bagamoyo. Baiskeli iliyokaa wiki saba haina upepo, mnyororo umekauka. Ilete hapa tuiangalie pamoja, kisha zunguka nayo Tabata asubuhi moja, nusu saa inatosha. Ukisikia gari nyuma na mwili ukaganda, simama pembeni, shuka, subiri lipite. Mimi hali hiyo ilinichukua karibu mwaka. Ikiwa usingizi bado hauji na sauti ile hainyamazi, nenda hospitali umwambie daktari kama unavyoniambia mimi. Wapo wataalamu wa mambo hayo.

Mkitaka kumkumbuka, wenzetu mwaka 2003 huko St. Louis, Marekani, walianza kufunga baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe yote, hadi mnyororo, pale mwendesha baiskeli alipouawa na gari. Desturi hiyo imeenea miji mingi. Mwaka huohuo, Dallas, walianza msafara wa kimya: watu wanaendesha polepole, hakuna anayezungumza mpaka mwisho. Jumapili ya tatu ya Novemba ni siku ya kuwakumbuka waliofia barabarani duniani kote, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2005. Mnaweza kwenda siku hiyo mpaka Bunju, kimya, mchana kweupe. Muulizeni mjane kwanza kama anataka. Kama mnatafuta fremu kuukuu ya kupaka rangi, ninayo moja, na kazi nitaifanya bila malipo.

SWALI

Mzee Fundi, mimi si mpanda baiskeli ila gazeti lako linafika nyumbani. Niko Morogoro. Mume wangu ni mtu mwema, lakini Ijumaa anakwenda baa na gari na anarudi nalo amelewa. Nikisema anajibu kwamba hajawahi kugonga hata kuku. Nifanyeje?

JIBU

Mama, ahsante kwa kuuliza. Yule wa Bunju naye, hadi Jumamosi ile, pengine alikuwa hajagonga hata kuku.

Usizungumze naye Ijumaa usiku, amelewa hatakusikia. Zungumza Jumatano, ameshiba, watoto wamelala. Mwombe jambo dogo tu: Ijumaa gari libaki nyumbani. Aende kwa bodaboda, arudi kwa bodaboda ya kijana mnayemfahamu, na nauli ya kurudi mlipe mapema kwa simu ili asiseme fedha imekwisha. Zungumza pia na mwenye baa, kuna wenye baa waungwana watakaompigia bodaboda wenyewe. Akikataa yote, mshirikishe kaka yake au mtu anayemheshimu, usione aibu.

Na funguo zikae kwako hata Jumamosi asubuhi. Kama ameanza saa mbili usiku akanywa chupa sita, hesabu masaa kumi na mawili, yaani mpaka saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo akitaka kuwapeleka watoto tuisheni, watembee kwa miguu.