Nonante au quatre-vingt-dix?

SWALI: Mhariri, ninasoma Kifaransa jioni, maeneo ya Upanga. Mwalimu wetu wa kwanza, ambaye ni Mkongo, alitufundisha kwamba 90 ni nonante. Aliyempokea ni Mfaransa aliyeishi Montréal miaka kadhaa, nami nilidhani angetusahihisha. Badala yake alituambia tuliache neno hilo lilivyo, akakiri kwamba kabla ya kuhama kwao angelicheka. Je, ni kweli kwamba kuishi ugenini humbadilishia mtu sikio lake juu ya lahaja za lugha yake?
Msomaji, Sinza

JIBU: Ndugu msomaji, nonante si kosa. Ndivyo wahesabuvyo Wabelgiji, Waswisi na Wakongo, ilhali Wafaransa husema quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne, na kumi juu yake. Kicheko anachokikiri mwalimu wako hakuzaliwa nacho. Mfaransa hukulia katika nchi yenye Académie française, chombo cha kulinda usanifu wa lugha, tangu 1635, ambako kwa miongo mingi watoto waliozungumza Kibretoni (lugha ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa) shuleni waliadhibiwa. Haishangazi basi akiondoka kwao akiamini kwamba wenye lafudhi ni wengine.

Huko Québec, jimbo la Kanada ulipo mji wa Montréal, imani hiyo hujaribiwa mapema. Akialikwa dîner, ambayo kwao ni chakula cha jioni, huenda akafika saa mbili usiku, akute wenyeji walikula mchana, kwa kuwa chakula cha jioni wao hukiita souper. Barabarani ataona alama nyekundu ya kusimama imeandikwa ARRÊT, wakati Ufaransa, nyumbani kwa hiyo Académie, imeandikwa STOP. Kisha mwenyeji atamwambia, tena kwa upole, kwamba ana lafudhi. Nadhani sikio hugeuka hapo, siku anapotambua kwamba na yake ni lahaja.

Hata hivyo, safari peke yake haitoshi. Wapo wanaohama, wakakaa na wenzao tu, wakarudi na dharau ileile waliyoondoka nayo. Tena aliyetoka Kinshasa kwenda Paris hapati somo hilo, kwa kuwa yeye alikwishajua tangu utotoni kwamba Kifaransa kiko cha namna nyingi. Anachojifunza ni bei ya kila namna, hivyo mbele ya karani anaweza kutaja quatre-vingt-dix, na akifika kwa nduguze akarudi kwenye nonante. (Nasi tusijitoe: mtu wa Kinondoni akiambiwa “ndoo” (yaani njoo) na Mmvita, mtu wa Mombasa, hutazama kama kuna maji ya kuchota kabla ya kuelewa kwamba anaitwa, na mara nyingi huondoka akiamini kwamba Kiswahili fasaha kimebaki upande wetu wa mpaka.)

Kuhusu darasa lako, chagua mtindo mmoja na udumu nao, kwani anayesema nonante hutarajiwa kusema pia septante kwa 70.