Maswali na Majibu: Mabingwa wa Moyo Walivyoanza Kukaa Meza Moja

Juma lililopita niligusia kwa mistari michache kwamba madaktari wa moyo wa Uingereza walianzisha klabu yao ndogo Oxford mwaka 1922, na kwamba klabu hiyo ndiyo iliyozaa chama chao cha taifa mwaka 1937. Maswali yamekuja kutoka hapa mjini Dodoma, Bahi, Kongwa, mpaka Manyoni. Nimeyafupisha, nayajibu moja moja.

Nasoma udaktari hapa UDOM. Kwa nini 1922 na si kabla ya hapo? Moyo si ulikuwepo siku zote? (Mwanafunzi, Ng'ong'ona)

Moyo ulikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya madaktari wawili kuutazama moyo mmoja wakaona kitu kilekile. Daktari Mfaransa Laennec alibuni stetoskopu, chombo cha kusikilizia kifua, Paris mwaka 1816, lakini alichokisikia daktari kilibaki sikioni mwake. Aliye mji wa pili alilazimika kumwamini tu.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa karne ya 20. Kule Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alitengeneza mashine ya kupima umeme wa moyo, dude la kilo 270 hivi lililohitaji watu watano kuliendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja kwenye ndoo za maji ya chumvi. Lakini mashine ile ilitoa picha, na picha inaweza kupita mkono hadi mkono na kubishaniwa. Uingereza nako James Mackenzie, daktari wa kawaida wa mji wa viwanda wa Burnley, alikuwa amekaa miaka akichora mapigo ya wagonjwa wake na kuwafuatilia aone nani anapona na nani anazidiwa. Namheshimu sana huyu, kwa sababu aliifanya kazi hiyo nje kabisa ya vyuo vikuu.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu ya askari walirudishwa kutoka mstari wa mbele wakilalamika kifua, kuchoka na moyo kwenda mbio. Serikali ikafungua hospitali maalumu kwa ajili yao, kwanza Hampstead mwaka 1916, kisha Colchester. Daktari Thomas Lewis na wenzake wakagundua kwamba wengi wao mioyo yao haikuwa na ugonjwa, na kwamba kuwalaza kitandani miezi kadhaa kuliwadhoofisha zaidi. Wakawapa mazoezi ya hatua kwa hatua. Kizazi cha madaktari kilichopikwa katika kazi hiyo, akiwemo John Parkinson, ndicho kilichotoa wanaklabu wa 1922. Walikuwa 15. Wakati huo "bingwa wa moyo" hakuwa anatambulika kama tunavyomtambua leo, na madaktari wengi wakubwa waliona kwamba kujitenga na tiba ya jumla ni kosa.

Mbukwa, mwandishi. Mimi nina moyo uliotanuka, nahudhuria kliniki. Wazungu kukutana na kula chakula cha jioni kunanihusu nini? (Mzee, Bahi)

Mbukwa, mzee wangu, na shikamoo. Kunakuhusu kuliko unavyodhani. Kumbuka siku uliyopimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo: umelala chali, umevua shati, mtaalamu anakupapasa mbavu akizihesabu kwa kidole kabla ya kubandika waya kifuani. Wa kwanza unakaa kati ya ubavu wa nne na wa tano, upande wa kulia wa mfupa wa katikati ya kifua. Wa pili mkabala wake, kushoto. Inaendelea hivyo mpaka sita, ikizunguka kuelekea kwapani.

Nafasi hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Kabla ya 1938 kila hospitali ilibandika ilipoona panafaa, hivyo kipimo cha London na cha New York havikuweza kulinganishwa. Mwaka huo chama cha Uingereza, kikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilikaa na Chama cha Moyo cha Marekani wakakubaliana sehemu za kubandika, na wakazitangaza pande zote mbili za bahari. Ndiyo maana leo ukipimwa Dodoma, daktari wa Muhimbili anaisoma karatasi yako bila kuuliza waya ziliwekwa wapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo vyama hivi vimewahi kufanya, na haikuhitaji jengo wala mtambo. Ilihitaji watu wenye majina makubwa wakubali kuacha mazoea yao.

Na yale maswali ya daktari: unachoka ukitembea kwenda wapi, ukipanda kilima je, usiku unalalia mito mingapi? Humo anatafuta daraja lako. Madaraja manne ya moyo kushindwa kazi, kuanzia asiyebanwa na shughuli yoyote mpaka anayehema hata akiwa amekaa, yalitungwa na chama cha moyo cha New York mwaka 1928. Yanatumika hadi leo karibu kila kliniki duniani. Kwa hiyo ukiulizwa, mzee wangu, usijibu "naendelea vizuri" kwa adabu. Sema kweli unapoishia njiani.

Chama cha namna hiyo ndicho kinachotoa leseni na kumfungia daktari mkosaji? (Msomaji, Area C)

Hapana. Uingereza kazi hiyo ina baraza lake la kisheria tangu 1858, na kwetu ipo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Chama cha mabingwa ni cha hiari. Kinaandaa mikutano, miongozo na jarida, na nguvu yake ni heshima iliyonayo kwa wanachama. Wa Uingereza walianza jarida lao mwaka 1939, vita vya pili vikiwa mlangoni, na halikufa.

Je, Waingereza ndio wa kwanza? (Mwalimu, Nkuhungu)

Inategemea unahesabu nini. Klabu yao ya 1922 ilitangulia, lakini ilikuwa ya watu wachache. Wamarekani waliunda chama cha taifa mwaka 1924, na Wajerumani 1927 katika mji wa Bad Nauheim, wenye chemchemi za maji ambako wagonjwa wa moyo walikwenda kuoga kwa tiba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki hakisimuliwi vya kutosha.

Mmoja wa waasisi wa chama cha Ujerumani alikuwa Bruno Kisch, Myahudi. Wanazi waliposhika nchi mwaka 1933, alisukumwa nje ya chama alichokijenga kwa mikono yake, na mwaka 1938 akahamia Marekani. Franz Groedel, bingwa mwingine wa Bad Nauheim mwenye asili ya Kiyahudi, alikuwa ameshakimbia tangu 1933. Wakakutana ugenini, na mwaka 1949 Groedel akaongoza kuanzishwa kwa chuo cha mabingwa wa moyo cha Marekani, ambacho leo ni miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya fani hii ulimwenguni. Akawa rais wake wa kwanza. Alipofariki mwaka 1951, aliyemrithi ni Kisch. Chama kilichowaacha wenzao kwa ajili ya uzao wao kilipoteza watu ambao nchi nyingine iliwapokea na kunufaika nao. Anayeandika historia ya vyama hivi bila ukurasa huu anaandika nusu.

Mimi ni muuguzi. Wasio madaktari, na wanawake, walikuwa na nafasi? (Muuguzi, Kongwa)

Kwa muda mrefu, ndogo sana. Daktari Helen Taussig wa Baltimore, Marekani, aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake na kujifunza kuusoma moyo wa mtoto kwa vidole, ndiye aliyetoa wazo la upasuaji wa watoto wanaozaliwa na moyo wenye kasoro na kugeuka rangi ya buluu. Mtoto wa kwanza alipasuliwa tarehe 29 Novemba 1944. Taussig alikuja kuwa rais wa Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 1965, mwanamke wa kwanza.

Lakini siku ile ya upasuaji, nyuma ya bega la daktari Alfred Blalock alisimama Vivien Thomas, fundi wa maabara, mtu mweusi asiye na shahada, akimwelekeza hatua alizozifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alitunukiwa udaktari wa heshima mwaka 1976, zaidi ya miaka 30 baadaye. Siku hizi chama cha Uingereza kina wauguzi na wataalamu wa vipimo ndani yake. Ilipaswa kuwa hivyo mapema zaidi, dada yangu, maana anayemwona mgonjwa usiku kucha ni wewe.

Pesa wanatoa wapi? (Mfanyabiashara, Manyoni)

Ada za wanachama na mikutano. Utafiti unahitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo Waingereza walianzisha mfuko tofauti wa kuchangisha umma mwaka 1961, na Wamarekani walifungua milango kwa wasio madaktari mwaka 1948.

Na sisi Afrika? Mwanangu aliambiwa valvu (milango ya moyo) zimeharibika, anachomwa sindano kila mwezi. (Mama, Chamwino)

Pole sana, mama. Chama cha madaktari wa moyo cha Afrika nzima, PASCAR, kilianzishwa mwaka 1981, na Tanzania ina chama chake pia. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, taasisi ya Jakaya Kikwete ikasimama yenyewe 2015, na hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa ina mtambo wa kuingia kwenye moyo kupitia mshipa.

Ila ugonjwa wa mwanao ndio uliovipa vyama vya Afrika agenda yao wenyewe. Nchi tajiri karibu ziliusahau. Unaanza na mafindofindo ya kawaida, mwili unapambana na vijidudu vya koo kisha unazigeukia valvu za moyo. Mwaka 2005 wataalamu wa bara hili walikutana katika milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, wakaweka mpango wa kuutokomeza, Profesa Bongani Mayosi akiwa mstari wa mbele. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio dhidi yake. Mayosi alifariki miezi miwili baadaye.

Sindano ya mwanao ni benzathini penisilini. Hairudishi valvu iliyoharibika, inazuia shambulio jipya lisiiharibu zaidi. Hutolewa kila wiki tatu au nne, na huendelea kwa miaka mingi, hata mtoto akionekana mzima na anacheza mpira. Ikipita tarehe, usingoje mwezi ujao: mpeleke siku hiyohiyo utakayokumbuka. Zahanati ikikuambia dawa imekwisha, uliza kituo cha afya au hospitali ya wilaya kabla hujarudi nyumbani. Na wadogo zake wakilalamika koo pamoja na homa, nao wapelekwe wakaangaliwe.