Muulize Mwalimu wa Midahalo: Sentensi iliyofuata

Shikamoo Mwalimu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa upande wa kutetea kwenye mdahalo kuhusu nadharia ya mageuko, ile isemayo viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi. Nilijiandaa vizuri. Nikiwa katikati ya hoja yangu, msemaji wa pili wa upande wa kupinga aliomba kutoa taarifa, akachomoa karatasi na kusoma maneno ya Charles Darwin mwenyewe, mwanzilishi wa nadharia hiyo, kwamba kudhani jicho liliweza kufanyika kwa uteuzi asilia (yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa kuliko wengine) ni, "nakiri waziwazi, upuuzi wa kiwango cha juu kabisa". Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nikasema Darwin hakuandika hivyo. Akanitajia kitabu na sura. Tangu siku hiyo nikikutana na wenzangu ninaangalia chini. Je, Darwin aliandika hivyo au hakuandika? Na mimi nilipaswa kusema nini? — Niliyebabaika

Marahaba mwanangu. Aliandika. Ulipokana, ulimpa mwenzako ushindi wa pili ambao hata hakuwa ameuomba, kwa sababu kuanzia hapo mada ikawa wewe na ujinga wako, mageuko yakasahaulika. Mtu akikusomea nukuu usiyoijua, usiseme "hakusema". Hujui.

Sasa tuliweke jambo lenyewe mezani. Maneno hayo yamo katika kitabu cha Darwin cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, sura ya sita. Sura hiyo, kwa tafsiri yangu, inaitwa Matatizo ya Nadharia. Kichwa hicho peke yake kingetosha kukushtua. Darwin pale anafanya kazi ya upande wa kupinga: anakusanya mwenyewe pingamizi nzito kuliko zote anazozijua, anazisema kwa nguvu zake zote, halafu anazijibu moja moja. Jicho ni mojawapo. Anakiri kwamba wazo hilo linaonekana kuwa upuuzi. Angalia kitenzi hicho, *linaonekana*, maana kwenye barua yako kimeshageuka kuwa *ni*. Sijui kilipotea kwenye karatasi ya mwenzako au kwenye kumbukumbu yako, lakini kimepotea.

Sentensi inayofuata inaanza hivi: "Hata hivyo, akili inaniambia..." Kisha anasema kwamba ikiwa zinaweza kuonyeshwa hatua nyingi kati ya jicho kamilifu na jicho duni kabisa, kila hatua ikimfaa mnyama aliye nayo, na ikiwa jicho hubadilika kidogo kidogo na mabadiliko hayo yakarithiwa, basi ugumu huo, hata kama mawazo yetu yanashindwa kuuvuka, hauwezi kuhesabiwa kuwa ugumu wa kweli. Na haishii hapo. Anaanza kuzitafuta hatua hizo kwa wanyama walio hai, kuanzia neva ya kuonea iliyofunikwa rangi tu bila kifaa kingine chochote, akipanda.

Yaani mwenzako alikusomea swali la Darwin kama ndilo jibu lake.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu watu wengi hawalioni. Tumezoea kufundishwa kwamba ukikata maneno ya mtu, weka nukta tatu mahali ulipokata. Kanuni nzuri, naifundisha mwenyewe. Lakini kwenye nukuu hii nukta tatu hazina pa kukaa. Ile sentensi ya upuuzi ni sentensi kamili, ina mwanzo na ina kituo chake. Unaweza kuinakili yote bila kuondoa hata herufi moja, ukataja mwaka na ukurasa, na bado ukawa umemsingizia mwandishi. Kisu hakikupita ndani ya sentensi, kimepita baada ya kituo.

Zaburi ya 14 ina maneno "Hakuna Mungu". Yamo, neno kwa neno, ila anayeyasema moyoni mwake ni mpumbavu. Na anayesoma Sura Al-Maun akasimama kwenye "ole wao wanaosali" amesoma aya nzima, hajapunguza kitu, na ameshaifunga misikiti yote kabla hajafika kwenye aya inayofuata, inayotaja ni wasalio gani: wale wanaozipuuza sala zao. Hata methali zetu. Ukisema "mgeni siku mbili" ukanyamaza, mgeni wako atafurahi sana. Jembe umebaki nalo wewe.

Nimesahihisha karatasi za wanamidahalo kwa miaka ishirini na mitatu. Kwenye nukuu ya namna hii sina alama nyingine ninayoiweka pembeni kwa kalamu nyekundu ila neno moja: *Kisha?* Wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta barabarani wananisalimia kwa neno hilo, na sijui kama ni heshima au ni kejeli.

Ulipaswa kusema nini basi? Kwanza, usipige kelele kwamba nukuu "imetolewa nje ya muktadha". Nayachukia maneno hayo yakisemwa hivyo, makavu, bila kitu mkononi. Kila nukuu duniani imetolewa mahali pake, ndiyo maana ya kunukuu. Anayelalamika ana deni la kuonyesha kilichoachwa na jinsi kinavyogeuza maana. Kama hana, naye anaitumia ile hila ya mwenzake, ila yeye ametupa nukuu yote badala ya nusu.

Kama unajua kinachofuata, omba kwa upole: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mwenzangu atusomee sentensi inayofuata." Akiwa na kitabu, atakufanyia kazi yako kwa mdomo wake. Akiwa na kikaratasi tu, ukumbi utaona kikaratasi. Lakini mwanangu, usijaribu hili kwa kubahatisha. Nilishawahi kumwona kijana mmoja akiliomba kwa mbwembwe, mikono nyuma, na sentensi iliyofuata ikawa mbaya kwake kuliko ya kwanza. Mpaka leo nikikumbuka natafuta pa kuficha uso, na hakuwa hata mwanafunzi wangu.

Kama hujui, sema hujui, kisha urudi kwenye hoja: "Sijaisoma nukuu hiyo mahali ilipo, kwa hiyo siwezi kuikubali wala kuikataa. Ila hata Darwin angekuwa na shaka, swali letu leo ni ushahidi unasema nini." Hilo ndilo lililokuwa limelala miguuni pako na hukuliokota. Nadharia haisimami wala haianguki kwa maungamo ya mwanzilishi wake. Ulikuwa na macho ya konokono na ya pweza ya kuzungumzia, yaani hatua zile zile za jicho, ukakubali kuburutwa kwenye kesi ya nani kasema nini.

Na usimwite mwenzako mwongo. Nukuu hii huzunguka kwenye orodha zilizoandaliwa tayari, watu wanapokezana. Nadhani alikuwa hajawahi kukifungua kitabu, kama wewe. Mfanye kadi za nukuu wote wawili: mbele maneno, nyuma sentensi mbili zilizotangulia na mbili zilizofuata. Asiye na cha kuandika nyuma, kadi yake haiingii ukumbini.

Mwalimu, salaam. Mimi ni msikilizaji wa redio tu, sijapanda jukwaani maishani. Kila mwanasiasa akibanwa na maneno yake mwenyewe anasema "mmenikata". Nitamjuaje aliyekatwa kweli? — Mzee wa Redio

Salaam mzee mwenzangu. Nikupe mkasa mmoja wenye pande mbili.

Oktoba 2008, Barack Obama akigombea urais wa Marekani, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kambi ya mpinzani wake John McCain imesema, na akasema wazi kuwa ananukuu, "tukiendelea kuzungumzia uchumi, tutashindwa". Novemba 2011 kampeni ya Mitt Romney, aliyekuwa akiutafuta urais dhidi ya Obama, ilitoa tangazo la televisheni ambamo Obama anasikika akisema maneno hayo, utangulizi wake ukiwa umeondolewa. Sauti ni yake, mdomo ni wake, maneno ni ya mwingine.

Miezi miwili haijaisha vizuri, Januari 2012, zamu ikawa ya Romney. Alisema anapenda kuweza kuwafukuza watu wanaompa huduma, akizungumzia uhuru wa mtu kuiacha kampuni ya bima ya afya isiyomridhisha. Wapinzani wake, wakiwamo wa chama chake mwenyewe, wakabaki na vipande viwili: *napenda*, na *kuwafukuza watu*.

Katika mkasa wote huu ungeweza kuupata ukweli kwa kusikiliza sekunde chache za kabla na za baada. Kwa hiyo mzee wangu, anayelalamika kuwa amekatwa, mpe nafasi alete kipande kilichobaki. Aliyekatwa kweli hukimbia kukileta, tena anakuja nacho akihema. Ukiona analitaja neno "muktadha" mara tatu na rekodi haiji, umeshapata jibu lako. Na usishangae rekodi ikija ukakuta muktadha unazidisha ubaya. Hutokea.

Mwalimu, toleo lililopita ulichapisha mstari mmoja wa barua yangu: "Midahalo inawafundisha watoto kubishana bila kusikiliza." Kisha ukanijibu kwa nusu ukurasa, tena kwa ukali. Barua yangu ilikuwa na sentensi nne. Zile tatu umezipeleka wapi? — Mama wa Watatu

Nimeitoa kwenye jalada na kuisoma upya. Nilianza kuandika kwamba nafasi ilikuwa finyu, nikafuta, kwa sababu nilikuwa na nusu ukurasa wa kukujibu. Ukweli ni kwamba sentensi yako ya kwanza ilinipa adui mzuri wa kupigana naye, na mimi nilikuwa na hamu ya kupigana. Samahani, mama. Hii hapa yote:

"Midahalo inawafundisha watoto kubishana bila kusikiliza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka mwaka jana, binti yangu alipopangiwa kutetea upande asioupenda. Kwa wiki mbili alikuwa akiniuliza mimi, ninayeupenda upande huo, kwa nini ninaamini ninachoamini, na alikuwa akinyamaza mpaka nimalize. Naomba unieleze zoezi gani la namna hiyo linawafaa wadogo zake wawili, ambao bado hawajafikia umri wa kupanda jukwaani."

Swali lako, ambalo sikulijibu: wakigombana, usimruhusu yeyote ajibu kabla hajaieleza hoja ya mwenzake, na mwenzake akasema, "Ndiyo, hivyo." Siku za kwanza watakataa hata pale walipoelezwa sawasawa. Wewe kaa tu.