Maswali na Majibu: Joini za SQL Ndani ya Django

Mfumo wetu wa kupokea viazi hapa Uyole huorodhesha mizigo 400 katika ukurasa mmoja, nao hufunguka polepole mno. Je, niachane na ORM (sehemu ya Django, mfumo wa Python wa kujenga tovuti, inayotunga SQL kwa niaba yako) niandike joini, yaani SQL ya kuunganisha majedwali, kwa mkono?

Usiandike chochote kabla hujaziona kwiri, yaani maombi ya data, zinazotumwa kwenye hifadhidata. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza huilaumu ORM kwa kazi aliyoiagiza mwenyewe. Kiolezo chako cha ukurasa kinapoita `mzigo.mkulima.jina` ndani ya mzunguko, Django hutuma kwiri moja ya mizigo, kisha nyingine kwa kila mzigo ili kumtafuta mwenye mzigo huo, hata kama mkulima ni yuleyule: jumla 401. Ukiweka `select_related("mkulima")` inabaki moja, kwa kuwa Django yenyewe huandika joini, ya INNER (huonyesha rekodi zenye jozi pande zote mbili tu) ikiwa ufunguo wa kigeni, safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine, ni wa lazima na ya LEFT OUTER (hubakiza hata zisizo na jozi) ikiwa unaruhusiwa kuwa NULL, yaani mtupu. Washa DEBUG, hali ya Django ya kutafuta kasoro, kwenye kompyuta yako, kamwe si kwenye seva ya wateja, usome `connection.queries`, orodha ya kwiri zilizotumwa.

Mbona `raw()`, njia ya Django ya kupokea SQL ya mkono, inakataa kwiri yangu ikidai ufunguo msingi (safu inayotambulisha kila rekodi)?

Ongeza safu ya `id`, ambayo kwa kawaida ndiyo ufunguo huo. Safu nyingine unaweza kuziacha, lakini ukizigusa baadaye kila moja hutumiwa kwiri yake, na ugonjwa wa kwiri 401 unarudi.

Nimetumia LEFT JOIN, lakini wakulima wasioleta mzigo msimu huu hawaonekani kwenye ripoti. (Makambako)

Bila shaka umeweka sharti la tarehe kwenye WHERE, inayochuja matokeo baada ya joini. Mkulima asiye na mzigo ana NULL mahali pa tarehe, NULL haitimizi sharti lolote la ulinganisho, na hivyo joini yako imegeuka kuwa ya INNER bila kukuambia. Hamishia sharti hilo kwenye ON, inayoamua rekodi zipi ziunganishwe. Tena, hesabu kwa `COUNT(mizigo.id)`, si `COUNT(*)` inayohesabu kila mstari, la sivyo aliyekaa bila kuleta kitu atasomeka kuwa ameleta mzigo mmoja, na hesabu za malipo zitaanzia kwenye uongo.

Mfumo ni wa ndani tu. Kuna ubaya gani kubandika jina la kata moja kwa moja ndani ya SQL? (Iringa)

Upo, na huhitaji mdukuzi kuuona: mtumishi akiandika Ng'uruhe, kata ya wilaya ya Kilolo, ritifaa (') ya jina hilo itafunga maandishi yako katikati na kwiri itavunjika. Mwenye nia mbaya atapita mlango huohuo. Andika `%s`, alama ya kushikilia nafasi ya thamani, bila kuizungushia alama za nukuu, kisha upitishe thamani kupitia `params`. Sitajadili tena visingizio vya mfumo wa ndani.

Basi joini ya mkono inafaa lini?

Matokeo yasipolingana na modeli (jedwali lililoelezwa kwa Python) yoyote, au unapohitaji WITH RECURSIVE, kwiri inayojirudia yenyewe, ambayo ORM ya Django haina njia yake. Hapo tumia `connection.cursor()`, inayotuma SQL yako moja kwa moja, na uiandikie jaribio, kwa sababu siku utakapobadilisha jina la safu kwa migresheni (badiliko la muundo wa hifadhidata), Django haitagusa maandishi yale ya SQL.