Aliyetembea juu ya vijaa vya watu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwamba kabaila wa Ulaya ya Zama za Kati alimlinda mkulima wake au alimnyonya tu, limenitonesha. Sisi tuliosoma wakati neno "kabaila" lilikuwa tusi la mikutano ya hadhara tulichorewa piramidi ubaoni, mfalme kileleni na mtwana, yaani mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, chini kabisa, tukakariri kwamba bwana hutoa ardhi na ulinzi, naye mtwana hutoa jasho. Ulinzi dhidi ya nani, hatukuuliza. Nilikusudia kuwaandikia mstari mmoja tu: alimnyonya. Lakini mniwie radhi, nitaacha habari za upanga nizungumzie unga.

Katika mji wa St Albans, kaskazini ya London, abasia, yaani makao ya watawa, ilikuwa na vinu vyake, na wenyeji walilazimika kupeleka nafaka zao huko, ambako sehemu ilikatwa kuwa haki ya abate, mkuu wa watawa hao. Wenyeji walitaka kusaga nyumbani kwa vijaa, mawe ya kusagia kwa mkono. Aliyewahi kusaga mtama kwa mkono anajua kwamba kijaa hakina raha yoyote: bega linauma, unga unatoka na chenga, na saa nzima ya kazi haijazi ungo. Hata hivyo, ukisaga kwako hakuna anayekusubiri mlangoni akuchotee kibaba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1330, Abate Richard wa Wallingford aliwanyang'anya vijaa hivyo, kisha akayatandaza mawe yake kuwa sakafu ya ukumbi wake wa maongezi. Yaani aliyekwenda kumsihi abate apunguziwe mzigo huenda alisimama juu ya jiwe lililokuwa likimsagia mama yake. Kuchukua mawe naelewa, ni tamaa. Kuyakanyaga kila siku ni jambo jingine.

Yapata miaka 50 ilipita. Mwezi Juni 1381 wakulima wa Kent na Essex, waliochoshwa na kodi ya kichwa na sheria ya 1351 iliyozuia ujira kupanda baada ya tauni, waliingia London wakidai utwana ufutwe. Watu wa St Albans, wakiongozwa na William Grindecobbe, waliingia abasiani, wakaing'oa ile sakafu, wakayavunja mawe na kugawana vipande. Thomas Walsingham, mtawa wa abasia hiyohiyo, aliandika kwamba waligawana kama mkate uliobarikiwa kanisani siku ya Jumapili. Walsingham hakuwapenda hata chembe, ndiyo maana ninamwamini. Waliodai mawe hayo wengi wao hawakuwa wamezaliwa yalipochukuliwa. Walikuwa wamerithi deni. Mwezi Julai Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alizifuta hati za uhuru alizokuwa amewapa waasi, na Grindecobbe akanyongwa.

Hapo ningefunga barua, ila mambo mawili yananikatalia. La kwanza, abate yule mwenye sakafu alikuwa mtoto wa mhunzi, yatima aliyelelewa na watawa, akasoma Oxford, akabuni saa iliyosifika sana. Piramidi ya ubaoni haikuwa na ngazi. Ya kweli ilikuwa nayo, japo nyembamba na ikipitia kanisani. La pili, mtwana wa Uingereza alikuwa na kitu ambacho mjukuu wake huru alikikosa, nacho ni desturi ya milki, yaani mazoea ya shamba la bwana yaliyokuwa na nguvu ya sheria, iliyoandikwa katika kumbukumbu za baraza la bwana. Mtwana alipofariki, bwana alichukua mnyama bora wa marehemu, lakini kwa kawaida mwana alibaki shambani. Karne za 15 na 16, mabwana walipozungushia ardhi uzio ili wafuge kondoo, wakulima wengi walifukuzwa wasiwe na desturi ya kuwatetea.

Basi ulinzi ulikuwapo, ingawa naona uliletwa zaidi na desturi, ambayo wakulima wenyewe waliishikilia kwa meno, kuliko upanga wa kabaila. Nasema hivi kwa Uingereza tu, maana mashariki ya mto Elbe, huko Ujerumani, utwana ulikazwa upya wakati magharibi ulikuwa ukilegea. Mkihesabu kura, yangu iwekeni upande wa "alimlinda", kwa sharti kwamba mtakapoichapa mtataja na kibaba kilichobaki kinuni.