Seva imekompailiwa bila kosa, bodi inajibu "not found"

Mkuu, faili lako lipo, na wala hujakosea njia. Umesema umekompaili lighttpd (seva nyepesi ya wavuti) kutoka msimbo chanzo, ukaihamishia kwenye bodi ya ARM (kompyuta ndogo yenye prosesa ya aina hiyo), `ls` inaionyesha, lakini ukiiwasha unajibiwa `not found`. Hili nimekutana nalo kwenye bodi nyingi. Kisichopatikana ni kipakiaji, ile programu ndogo ambayo kerneli (kiini cha Linux) huiita kwanza ili iunganishe seva na maktaba zake. Njia yake imeandikwa ndani ya bainari yenyewe, yaani faili la programu lililokwisha kukompailiwa. Kwenye kompyuta yako andika:

`readelf -l lighttpd | grep interpreter`

Ukiona `/lib/ld-linux-armhf.so.3`, bainari inataka glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi za kawaida. Sasa kwenye bodi andika `ls /lib/ld*`. Ukikuta `ld-musl-armhf.so.1` peke yake, basi bodi inatumia musl, maktaba nyingine ya C iliyo ndogo zaidi, na hizo mbili hazipatani. Kuna watakaokushauri utengeneze kiungo cha jina tu ili kuilazimisha. Usifanye hivyo, maana hata ikiwaka itakuangukia mbele ya safari. Tumia kompaila ya mfumo wa bodi hiyo, iwe ya SDK (seti ya zana) ya mtengenezaji au uliyojijengea kwa Buildroot, zana ya kujengea mifumo ya Linux ya bodi. (Ingekuwa umekosea prosesa, mara nyingi ungeona `Exec format error`.)

Ukishaipata, safisha kila kitu uanze upya:

`./configure --host=arm-linux-musleabihf --prefix=/usr --libdir=/usr/lib/lighttpd --without-pcre2 --without-zlib`
`make`
`make install DESTDIR=$PWD/mzizi`

Kwenye `--host` weka jina linalotangulia kompaila yako. `--prefix` na `--libdir` ni njia za kwenye bodi, si za kompyuta yako, kwa sababu seva itatafuta moduli zake humo humo. `DESTDIR` ni ghala la muda la kukusanyia mafaili kabla ya kuyahamisha. Ukiacha pcre2 (maktaba ya kulinganisha ruwaza za maandishi) unaokoa nafasi, ila masharti ya `=~` kwenye usanidi na mod_rewrite, moduli ya kubadilisha anwani za kurasa, havitafanya kazi.

Usanidi wenyewe ni mfupi:

`server.document-root = "/www"`
`server.port = 80`
`server.username = "www"`
`server.errorlog-use-syslog = "enable"`
`server.upload-dirs = ( "/tmp" )`
`server.max-request-size = 16384`

Iwashe kama root: itafungua mlango wa 80, kisha itashuka hadi mtumiaji `www`, ambaye lazima awepo kwenye `/etc/passwd`. Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Usipoigusa, data kubwa inayopakiwa huhifadhiwa kwa muda `/var/tmp`, na kama mfumo wa bodi ni wa kusoma tu, kurasa zitafunguka vizuri lakini mteja akipakia programu mpya ya kifaa atagonga mwamba. Kwenye bodi nyingi `/tmp` iko ndani ya RAM, kwa hiyo faili hilo linakula RAM. Ndiyo maana nimeweka kikomo, kinachohesabiwa kwa kilobaiti. Kipunguze kulingana na bodi yako.

Kama unahitaji kurasa za kawaida tu, angalia kwanza kama BusyBox ya bodi (programu moja iliyokusanya amri nyingi za Linux) ina `httpd`, seva ndogo ya wavuti, ndani yake. Huenda usihitaji kukompaili chochote.

Kabla ya kuiwasha, `lighttpd -tt -f /etc/lighttpd.conf` itajaribu kupakia moduli pia, tofauti na `-t` inayokagua sintaksia pekee. Ikigoma, tuwekee hapa jibu la `readelf` na la `ls /lib/ld*`.