Mwalimu wa Mbio Anajibu: Umri Unaanza Kula Wapi, Kupanda au Kushuka?

Assalaam alaykum wasomaji. Barua za mara hii karibu zote zinazungumza umri, sijui mmeambizana. Nimechagua tatu, ya mwanzo ntaijibu kwa urefu mana imenigusa na mie mwenyewe, hizo nyengine fupi fupi.

SWALI: Mwalimu, mie nna miaka 48, nnakaa Machomanne, Chake. Zamani nikikimbia sana, nikitoka nyumbani mpaka Vitongoji kwa dakika 41, hapo nna miaka 26. Halafu nikaoa, nikafungua duka, mbio nikaziwacha kama miaka tisa hivi, kitambi kikaja, daktari akanambia presha inapanda, nikarudi barabarani. Sasa njia ile ile nnakwenda dakika 48. Kilichonifanya niandike ni mtoto wa ami yangu yuko Uingereza, anakimbia zile mbio zao za milimani, kanitumia matokeo kwenye simu nnaona watu wameandikwa V50 na V60 na wamewapita vijana kibao. Huku kwetu mtu wa miaka 50 akionekana anakimbia anaulizwa kafukuzwa na nini. Hawa wenzetu wanakula nini? Na mie hizo dakika saba zimekwenda wapi, zitarudi?

JIBU: Ndugu yangu, hawali kitu. Hiyo V ni veterani, V50 yaani keshatimiza miaka 50, kama mabonanza ya maveterani wa mpira tunayoyajua sie. Lakini kabla hujaanza kujilaumu, iangalie vizuri hiyo karatasi ya matokeo, mana inadanganya kidogo. Wale V60 unaowaona ni wale waliobaki. Waliovunjika magoti hawamo, walioota vitambi hawamo, walionogewa na baraza hawamo. Kwa hivo ukichukua vijana wote waliokuja siku ile, pamoja na yule aliyeburuzwa na rafiki yake hajafanya hata zoezi moja, ukawalinganisha na wazee waliochujwa na miaka 30, lazima wazee wang'are. Ukitaka kujua umri unafanya nini usilinganishe mzee na kijana, mfuate mtu mmoja mwaka hadi mwaka kwenye njia moja, na hilo wewe ushalifanya bila kujua, una dakika 41 na una dakika 48.

Sasa tupige hesabu. Kutoka 41 mpaka 48 ni kama asilimia 17, na imepita miaka 22, kwa hivo hata asilimia moja kwa mwaka haifiki, na ndani yake miaka tisa ulikuwa umekaa dukani. Wallahi hujaharibikiwa.

Zimekwenda wapi? Kubwa ni moyo. Mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kuyafikia yanashuka kila mwaka, mazoezi hayazuii. Kuna hesabu moja inatumika sana, chukua 208 utoe umri wako mara 0.7. Ulipokuwa na 26 ilikuwa kama 190, sasa hivi ni kama 174. Hiyo ni wastani tu, kuna watu wako juu yake na wengine chini, na kama daktari kakupa dawa za presha muulize, mana ziko zinazoshusha mapigo na hapo saa yako ya mkononi itakudanganya tena. Basi moyo ukipiga mara chache, hewa inayofika kwenye misuli inapungua. Mtu asiyefanya mazoezi uwezo huo unamshuka takriban asilimia 10 kila miaka 10 tangu anapopita 30, lakini anaeendelea na mazoezi makali inakuwa kama nusu yake. Hapo ndo ilipo siri ya hao V50, hawakusimama. Wewe ulilipa bei ya umri na bei ya duka kwa pamoja, ya umri hairudi, ya duka sehemu yake inarudi.

Ila mbio za milimani zina jambo lao ambalo mbio za barabarani hazina, ndo mana barua yako nimeipenda. Kule unapanda mlima na unashuka, na umri hauzili sehemu hizo mbili sawasawa. Kupanda ni pumzi na miguu kugawanya kwa uzito wako, kunapungua polepole kama nlivosema, na hata ukizidiwa unatembea, kule watu wanatembea kwenye mlima mkali na mikono wameegemea mapaja na hakuna anaecheka. Kushuka ni mambo mengine kabisa. Unaposhuka, msuli wa paja la mbele unavutwa huku unashika breki, ndo unaochanika chanika kidogo kidogo na kesho yake unashuka ngazi kinyumenyume kama kaa. Kijana anapona siku mbili, mie nikishuka sana Jumapili mpaka Alkhamisi bado namtaja mtu. Halafu misuli ya haraka, ile ya kurukia na kujiwahi ukijikwaa, ndo inayosinyaa mwanzo. Na jicho, na mizani ya mwili. Na woga! Woga nao huja na umri, kijana hana mkopo wala hana watoto wa kulipia ada, anajirusha tu kwenye mawe, wewe unafikiria nani atafungua duka kesho.

Mzee anafidia kwa akili. Mbio nyingi za kule njia haijapigwa alama, unapewa vituo vya kupitia na lazima ubebe ramani, dira na filimbi, pamoja na koti la mvua, katikati ya kituo na kituo utajua mwenyewe upite wapi. Mtu aliyeukimbia mlima ule miaka 20 anajua penye tope na njia ya kondoo ilipojificha, ukungu ukiteremka kijana mwenye miguu mizuri anapotea na babu anampita ubavuni anamsalimia. Ni kama karafuu za huku, mtoto anaparamia haraka lakini mzee ndo anajua tawi gani likanyagwe na lipi litakuangusha.

Huko wana mzee wao mmoja, Joss Naylor, mfugaji kondoo wa bonde la Wasdale pande za Lake District, milimani kaskazini ya Uingereza, kazaliwa 1936 kafariki 2024. Mgongo ulikuwa mbovu tangu ujanani mpaka akapasuliwa, na mbio zake za mwanzo 1960 alizikimbia na mabuti ya kazi. Mwaka 1975, ana miaka 39, alipita vilele 72 ndani ya saa 24, zaidi ya maili 100. Alipotimiza 60 akapita vilele 60 kwa saa 36. Alipotimiza 70, mwaka 2006, vilele 70 kwa chini ya saa 21. Mwenye haraka atasema mzee alizidi kuwa mwepesi! Soma umbali, ile ya 2006 ilikuwa maili 50 na kitu, kama nusu ya ile ya 1975. Bado, mtu wa miaka 70 wewe!

Na kuna safari imepewa jina la huyo Naylor, ya watu waliotimiza miaka 50 tu, vilele 30, maili 48, na jumla ya kupanda futi 17,000 ambazo ni kama mita 5,200. Masingini kule Unguja hapafiki hata mita 130, kwa hivo utapanda mara 40 na bado unadaiwa. Kinachonivutia ni muda waliopangiwa. Wa miaka 50 mpaka 54 saa 12, wa 55 mpaka 59 saa 14, wa 60 mpaka 64 saa 18, wa 65 kwenda juu saa 24. Ziangalie nyongeza zake, mbili, nne, sita. Muda wenyewe una ukarimu ndani yake, haukupimwa maabara, lakini sura yake ni ile ile mwili unavofanya, mtu anapungua taratibu mpaka hamsini na kitu halafu mteremko unazidi kuwa mkali kadri anavoendelea. Na kwenye mlima unauona mapema kuliko barabarani, kwa sababu ya yale mambo ya kushuka.

Jambo moja tena la kupima. Usiitegemee saa peke yake, tope likiwa jingi au kusi ikivuma kila mtu anachelewa. Wakimbiaji wa milimani wanajipima kwa mwenzao. Tuseme mshindi kakimbia dakika 60 wewe 78, wewe ni asilimia 130 yake. Mwaka wa pili mvua imenyesha, mshindi 66 wewe 84, umechelewa dakika sita lakini sasa ni asilimia 127, yaani umekuwa bora! Tena kama mnakimbia kikundi chukua mtu wa katikati badala ya mshindi, mana mshindi anaweza kuhamia Dar mkaletewa mwengine mbovu, ukajiona simba.

Kwa hivo dakika zako saba. Ukipunguza kitambi tu, vilima vya Pemba vitakurudishia mbili tatu, mana kila kilo unaibeba juu. Weka siku moja kwa wiki ya kupanda kwa nguvu, kilima kifupi, mara sita mara nane, unarudi kwa kutembea, lakini mwambie daktari wako kwanza kwa ile presha. Kushuka usikukwepe, shuka kidogo kidogo kila wiki, msuli ukishaonja mara moja unajikinga kwa wiki kadhaa. Miguu ifanyie mazoezi ya nguvu, kuchuchumaa na kupanda ngazi na mzigo, hata gunia la mchele la dukani kwako litafaa. Na baina ya siku ngumu na siku ngumu weka siku mbili, zamani ulikuwa unaweka moja. Dakika 41 siziahidi. 44 nnaiona.

SWALI: Mwalimu mie mama wa watoto wanne, Wete, miaka 41. Nilianza mbio nna miaka 38 na kikundi cha mtaani, kila mwaka nakuwa mwepesi zaidi. Wenzangu wananambia nitaanguka ghafla. Kweli?

JIBU: Dada yangu hawajui. Umri unakupunguza kidogo kila mwaka na mazoezi yanakuongeza kingi kila mwaka, alieanza jana bado yuko kwenye faida, na faida hiyo inakwenda miaka kadhaa kabla hesabu hazijakutana. Lakini hedhi inapokaribia kukatika mifupa hupungua haraka kuliko ya mwanamme, kwa hivo anza sasa kubeba vizito na usiwache dagaa na maziwa. Na kilima kile cha kutokea bandarini Wete unacho bure, watu wengine wanapanda ndege kutafuta mlima.

SWALI: Mwalimu nna miaka 29, Bububu, nakimbia maratoni. Nshachelewa?

JIBU: Mwanangu, Alphonce Simbu alichukua shaba ya dunia London 2017 ana miaka 25. Dhahabu kaichukua Tokyo 2025 ana miaka 33, saa 2:09:48, na wa pili kaandikiwa muda ule ule, wametengwa kwa sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Eliud Kipchoge alikimbia 2:01:09 Berlin ana 37. Funga raba, na Jumamosi panda Masingini.